Mahali Upendo Alipokunywa Maziwa

Mkuu wangu wa idara aliniomba niache maelezo ya makabidhiano kabla sijaondoka. Nimekabidhi funguo tatu, mashine ya presha inayotia chumvi kidogo kwenye namba ya juu, na kiti cha mgonjwa ambacho mguu wake mmoja ni tofali. Hayo yote yameandikwa na kusainiwa. Yasiyoandikwa popote ndiyo ninayowaandikia nyie mliobaki kwenye kliniki ya shingo, hasa mliokuja juzi na bado mnaona haya kumshika mtu mzima koo.

Nilifika Temeke kijana kutoka Songea, na cheti cha uuguzi ndani ya bahasha ya kaki. Siku ya kwanza nilijifunza kwamba katika mji huu muuguzi mwanamume anaitwa daktari, na daktari mwanamke anaitwa sista. Nilijaribu kuwasahihisha watu kwa wiki mbili, kisha nikanyoosha mikono. Chumba chetu kilitazama barabara ya malori ya makontena, na lori likipita tulinyamaza wote mpaka limalize. Mgonjwa mwenye siri alikuwa anasubiri lori ndipo aiseme. Nilichukua muda kuligundua hilo.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Kalunde, Mnyamwezi wa Urambo, mfupi, mwenye vidole vya baridi hata mwezi wa pili. Alinisimamisha nyuma ya mgonjwa, akaniwekea vidole mahali pake, akamwambia mgonjwa ameze maji. Tezi ya shingo hupanda na kushuka mtu anapomeza. Kisichopanda si tezi. Alinifundisha pia kupima shingo kwa futi ya fundi cherehani na kuandika namba kila ujio, maana macho husahau. Alikuwa mkali sana juu ya kuandika. Jambo moja tu hakunifundisha, kwa sababu hata yeye hakulijua: fomu yetu ilikuwa na mstari wa mkoa uliozaliwa, basi. Haikuuliza mtu ameishi wapi baada ya kuzaliwa.

Kwa miaka mingi mstari ule ulitutosha. Wagonjwa wetu wengi walikuwa watu wa nyanda za juu, kule ambako zamani udongo na chumvi vilikosa madini joto na rovu zikaota shingoni kizazi hadi kizazi. Mgonjwa akisema Njombe, nusu ya kazi imekwisha. Unamshika, unampima, unamweleza habari ya chumvi yenye madini joto, unampa tarehe. Nilikuwa mwepesi katika kazi hiyo, na niliupenda wepesi wangu kuliko ilivyonipasa.

Kitu kingine kilichonirahisishia kazi ni utani. Mimi ni Mngoni, na Wangoni na Wabena wa Njombe ni watani. Tunatukanana msibani na hakuna anayekasirika. Mbena akikaa kwenye kile kiti cha tofali, kabla hajatoa kadi nimeshamwambia kwamba kwao chumvi huonjwa kwa zamu. Naye ananijibu kwamba Wangoni walifika Songea kwa kukimbia, ndiyo maana hawana shingo ya kuota kitu. Ukweli ni kwamba hata kwetu rovu zilikuwepo, ila mtani hataji za kwake. Watu walicheka, mabega yakashuka, nami nikapata kuwashika vizuri. Niliwahi hata kuwafundisha utani huo wanafunzi wa mazoezi, kama mbinu ya kazi. Sasa nitawaambia ulivyonigharimu.

Alhamisi moja aliingia mwalimu wa sekondari, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ameandamana na baba yake. Jina lake Upendo. Alikuwa chotara, nywele za kahawia, na upande wa kulia wa shingo alikuwa na kivimbe kama punje ya korosho. Baba yake, Mzee Mwinuka, alikuwa mhandisi wa mashine za kilimo, amestaafu, anakaa Gongo la Mboto nyuma ya kambi ya jeshi. Kadi ilisema amezaliwa Njombe. Nikamgeukia yule mzee nikamwambia kwamba Wabena hata wakioa Ulaya bado wanapeleka rovu kama mahari. Mzee alicheka. Alicheka zaidi ya utani wenyewe ulivyostahili, mpaka akatoa leso. Nikaandika chumvi, nikaandika namba ya futi, nikawapa tarehe.

Kivimbe hakikupungua. Daktari wetu akaagiza utrasaundi, halafu kipimo cha sindano, na jibu likarudi lile ambalo hakuna anayelipenda: si kibaya dhahiri, si kizuri dhahiri. Kwa mtu wa Njombe mwenye rovu za ukoo, akasema daktari, tunaweza kungoja mwaka tuone. Hakukosea. Alihukumu kwa kilichoandikwa, na aliyeandika ni mimi.

Siku Upendo alipokuja kuchukua jibu hilo, mama yake ndiye aliyemsindikiza. Mama Upendo ni mwanamke wa Ukraine, mrefu, na Kiswahili alijifunzia kwa mama mkwe wake Njombe, kwa hiyo anazungumza kama bibi wa Kibena aliyepauka. Aliponisikia nikijitambulisha kuwa mtani wa mumewe akaanza kuniita shemeji papo hapo. Upendo alikuwa ndani kwa daktari. Kupoteza muda tu, nikamuuliza mama walikutana wapi na mzee. Akasema Kiev, chuoni. Nikamuuliza walirudi lini Tanzania.

"Upendo akiwa na miaka minne," alisema. "Kwani baba yake hakuandika? Alisema daktari ameambiwa yote."

Nikamuuliza yote yapi. Akanitazama kama mtu aliyemkuta mlinzi amelala. Kisha akanieleza, polepole, lori likipita na lisipite. Upendo alizaliwa Kiev. Cheti cha kuzaliwa kilitafutwa Njombe baadaye, kwa mkono wa baba yake. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka, mtoto alikuwa na mwaka na nusu, na walikuwa bado wanakaa Kiev, si mbali na kinu. Mtoto mwenyewe alikuzwa akiambiwa familia iliondoka kabla ya ajali, naye akazaliwa Njombe. Mama alikubali uongo huo asije akaishi kwa hofu, ila kwa sharti moja, kwamba siku yoyote shingo ikisumbua, daktari aambiwe ukweli. Mumewe alimwapia kwamba amesema.

Kila muuguzi wa shingo anajua kwamba mionzi ya ajali ile ilishuka kwenye majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa, na tezi ya mtoto huvuta madini joto bila kuuliza ni ya kawaida au yenye mionzi. Miaka mingi baadaye ndipo kitu huota. Kwa mtu wa namna hiyo hungoji mwaka. Na mimi nilikuwa nimeketi pale nikimtania baba yake juu ya chumvi.

Hapa nilifanya kosa la pili, nalo nalisema ili msilirudie. Mgonjwa alikuwa Upendo, mtu mzima mwenye akili zake. Ilinipasa niingie mlango wa pili nimwambie yeye na daktari wake saa ileile. Badala yake nilimwomba mama anipe siku mbili, nikaenda kwa baba. Nilijiambia kwamba mzee anastahili kusema mwenyewe. Huenda pia nilitaka kosa langu lisikike kwanza kwa mtu anayeweza kunisamehe. Daktari alinisema sana baadaye, tena mbele ya watu, na alikuwa na haki.

Mtani haalikwi. Jumamosi nilichukua bodaboda mpaka Gongo la Mboto, nikapiga kamwene, salamu ya kwao Wabena, mlangoni, nikamkuta Mzee Mwinuka uani anatengeneza mashine ya kutotolea vifaranga. Alikuwa anaziunda mwenyewe kwa mbao na balbu na kuwauzia wafugaji wa mtaa. Nikamwambia nimeonana na shemeji. Hakuuliza tulizungumza nini. Aliweka bisibisi chini, akaanza kufuta mikono, akafuta mpaka ikawa safi, na bado akaendelea.

Alinisimulia kwa sauti ndogo. Siku za kwanza baada ya ajali hawakuambiwa kitu. Kulikuwa na jua zuri, ikaja sikukuu ya wafanyakazi, watu wakatoka barabarani na bendera, naye akambeba bintiye mabegani ili aone. Bibi yake mzaa mama alikuwa na ng'ombe kijijini, na kila juma alituma maziwa. Mwanafunzi Mwafrika mwenye maziwa ya kijijini kwa ajili ya mwanawe alijiona tajiri. Habari kamili zilipofika, maziwa yalikuwa yameshanyweka.

"Mie ndo nilikuwa nampa, mtani," alisema. "Mama yake anaenda darasani, mie nabaki naye. Vikombe vitatu kwa siku. Akikataa nambembeleza."

Alirudi nyumbani akiwa ameamua kwamba kisichotajwa kitakufa. Ndipo akaenda kutafuta cheti cha Njombe. Sasa kulikuwa na mchumba, familia ya watu wa Tandale wenye duka la nafaka, na posa imeshapokelewa. Alijua watu watasema nini: huyo amekula mionzi, atazaa nini? Kila alipotaka kufungua mdomo aliiona harusi ya mwanawe ikivunjika. Halafu siku ile kliniki, aliniambia, alikuja akiwa amejikaza kusema. Nikamtangulia na utani wa mahari. Akaona mlango wa kutokea, akatoka.

Nilimwomba radhi. Sikuiweka kwa utani. Nikamwambia pia kwamba daktari anangoja mwaka kwa sababu ya neno Njombe, na kwamba kama kile kivimbe ni kansa, huu ndio wakati ambao bado kidogo na kinatolewa kikaisha. Akisema leo, anampa binti yake nafasi nzuri kabisa. Akinyamaza, anamnyima mwaka. Mzee alichukua balbu moja akaijaribu, ikawaka, akaizima. Kisha akaniambia niende. Nikaondoka najua kwamba Jumatatu nitamwambia Upendo mwenyewe, utani uishe kama utaisha.

Jumatatu kabla sijavaa koti walikuwa benchini wote watatu. Haikuwa hata siku ya kliniki. Waliingia, mzee akakataa kukaa. Akasimama mbele ya meza kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

"Andika," akaniambia. "Alizaliwa Kiev. Kinu kilipolipuka alikuwa na mwaka na nusu. Hatukuondoka kabla, tulikuwepo. Na maziwa nilimpa mimi."

Nikaandika. Akaniuliza kama na hilo la mwisho nimeliandika. Nikamwambia nimeandika kwamba alikunywa maziwa, na mahali alipoyanywa. Nani alimpa, fomu haina mstari wake.

Upendo alikuwa ameketi mikono mapajani. Lori moja lilipita, likapita la pili. Nilidhani atalia au atatoka. Aliniuliza mimi, si baba yake, sasa kinachobadilika ni nini. Nikamweleza. Akauliza daktari anaingia saa ngapi. Baba yake alipotaka kumshika bega, alilisogeza bega, bila ukali, na tangu pale hakusema naye ila salamu. Aliniambia baadaye kwamba maziwa hayakumuudhi hata kidogo, kwa kuwa mzazi yeyote angempa mwanawe. Kilichomuuma ni kwamba amefundisha jiografia miaka yote hiyo, amesimama darasani akawaeleza watoto wa watu habari za ajali ile, na baba yake akimsikiliza akirudia somo mezani, kimya.

Upendo mwenyewe ndiye aliyemwambia mchumba, jioni ileile. Mzee alikaa siku mbili akingoja wajumbe wa kurudisha posa. Hawakuja. Yule kijana aliuliza operesheni ni lini, na mama yake akatuma mchele na maharage, maana mgonjwa atatembelewa na wageni. Nimeona mengi katika kazi hii, na bado mara nyingi watu hunizidi kwa wema kuliko nilivyowakadiria.

Operesheni ilifanyika ndani ya mwezi huo. Kile kivimbe kilikuwa kansa, ndogo, karibu yote bado ndani ya tezi, haijasafiri kwa kiasi cha kutisha. Daktari wa upasuaji alitueleza kwamba aina ile, ikikamatwa mapema, watu huiacha nyuma wakaishi mpaka wanazeeka. Ila kulibaki hatua moja: Upendo apelekwe hospitali kubwa ya mjini akanywe dawa ya kumalizia mabaki. Dawa hiyo ni madini joto yenye mionzi. Chembe za tezi zilizobaki huyavuta, nayo huziua. Anayeinywa hulala peke yake siku kadhaa mpaka mionzi ipungue mwilini.

Mzee Mwinuka aliposikia hayo aliinuka. Alisema hapana. Alisema yaleyale madini, mara ya pili, kwa mtoto yuleyule, na sasa kwa hiari yake? Nilimweleza mara tatu kwamba safari hii dozi imepimwa, inajulikana inaenda wapi na inatoka lini. Hakunisikia. Aliyemnyamazisha ni mkewe.

"Kule hawakutuambia kitu," alisema Mama Upendo. "Hapa wamenipa karatasi. Nimeisoma yote, mume wangu, mara mbili. Imesema hatari yake, imesema namna ya kujikinga, imesema nimpigie nani simu. Mimi nataka mtoto wangu atibiwe na watu wanaosema."

Upendo alisaini, akaenda.

Nitangulie kidogo niwaambie mengine, kisha nirudi hapo. Baada ya kesi ile nilichukua kalamu nikaongeza mstari kwenye fomu, chini ya mkoa: umewahi kuishi wapi, na ukiwa na umri gani. Kwa muda mrefu niliuandika kwa mkono, kadi kwa kadi, na wenzangu walinicheka. Sasa umechapishwa, na nyie mnadhani ulikuwepo siku zote. Mama Upendo alikumbuka majina ya wenzao waliosoma kule na wake waliokuja nao, akawapigia mmoja mmoja. Walikuja watu ambao walikuwa wamekaa na hofu hiyo kimya, wengine Kinondoni, wengine Mbagala, mmoja alitoka Morogoro na mwanawe aliyekuwa mchanga wakati ule. Wengi hawakuwa na kitu. Msidharau Alhamisi ambayo hamkupata kitu. Nimewaona watu wazima wakishuka kwenye kile kiti na kusahau viatu kwa furaha. Utani sikuuacha, ila nautoa mwisho, mgonjwa akishamaliza kusema yake. Na Upendo yupo, anameza kila asubuhi kidonge chake cha kuziba nafasi ya tezi iliyotolewa, anafundisha, aliolewa, ana mtoto wa kiume anayepiga kelele kuliko yale malori.

Lakini siku ninayotaka kuwaachia ni ile aliyoruhusiwa kutoka kule mjini. Mama yake aliniomba niwepo, kwa sababu mzee alikuwa hajala vizuri tangu binti alipofungiwa, na tangu ile Jumatatu walikuwa hawajazungumza zaidi ya salamu. Tulisubiri uani. Upendo akatokea mlangoni na mfuko wake, amekonda kidogo, ana kovu jembamba shingoni ambalo hakulifunika. Mzee akaenda kwa haraka, mikono imenyooka.

Upendo akainua kiganja. "Simama hapohapo, Baba."

Mzee akasimama. Uso wake ulivyokuwa sitaki kuueleza. Nikajua amelichukulia kuwa jibu lake la maisha.

"Ni hatua mbili," Upendo akasema. "Karatasi ndo inavyosema, siku kadhaa hivi, nisikae karibu na mtu. Lakini kusikia nasikia. Nisimulie. Tulikuwa tunakaa nyumba ya namna gani?"

Mzee alifungua mdomo, akaanza kwa ile sauti yake ndogo ya uani. Upendo akamwambia hasikii, apaze. Akapaza. Akasema ilikuwa chumba cha bweni la wenye familia, ghorofa ya nne. Mama Upendo, naye kwa umbali wake, akasema ya tatu. Mzee akarudi akasema ya tatu. Akasema kulikuwa na dirisha kubwa, na mtoto alipenda kulilamba wakati wa barafu. Tukaanza kutembea kuelekea getini, Upendo upande mmoja wa njia, baba yake upande wa pili, na mambo aliyoyafungia zaidi ya miaka thelathini ikabidi ayaseme kwa sauti ya mnadani. Bendera na jua. Mabega yake. Bibi wa kijijini na ng'ombe wake mwenye pembe moja. Vikombe vitatu. Hapo sauti ilimkatika, akasimama, na Upendo naye akasimama, akamngoja, mpaka akaendelea.

Watu benchini walikuwa wamenyamaza wote kutusikiliza. Mlinzi wa getini akaacha kiti chake akaja, akamuuliza Upendo kama huyu mzee anamgombeza.

"Hapana, kaka," Upendo akamjibu. "Ni baba yangu. Ananihadithia nilivyokuwa mdogo."